Cheche na Chekeche

Februari, mjini Võru, barafu imejinyoosha barabarani
kama kioo kilichosahauliwa na fundi.
Nilikuwa na ndoo ya maji mkononi. Nikaanguka chali,
kisogo kikagonga ukingo wa ngazi ya duka langu,
na kitu kikazimika.
Si giza. Si ukimya. Kitu cha tatu, ambacho sikuwa na jina lake.

Siku ile sikujua. Nilijua Jumatano,
nilipofunua karai la chachu,
chachu ya mama yangu, na kabla yake ya mama yake,
miaka sabini inapumua chini ya kitambaa.
Niliinama, nikavuta pumzi,
nikakuta hewa.
Bahasha iliyofungwa vizuri, haina barua.

Daktari Kuusk alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa:
"Tazama, Helve. Juu ya pua pana mfupa mwembamba wenye vitundu.
Nyuzi za fahamu hupenya humo, laini kuliko unywele.
Ulipoanguka, ubongo ulisogea, mfupa ukakaa palepale.
Nyuzi zikakatika."
Nikamwambia, hilo ni chekeche.
Akacheka: hata vitabuni linaitwa hivyo.

Miaka thelathini na minne nachekecha unga mweusi,
kumbe name nachekechwa.

Akaongeza neno lililoninyima usingizi:
harufu yenyewe haifiki ubongoni. Haijawahi kufika.
Wala mwanga haufiki, wala sauti, wala joto la tanuri.
Kinachofika ni cheche,
cheche ya umeme, ndogo, ileile
itoke jichoni, itoke sikioni, itoke kwenye ncha ya ulimi.
Kinachozitofautisha ni njia zilikopitia.
Na huko ndani ya fuvu ni giza totoro.
Anayekaa humo hajaliona jua hata siku moja;
anapokea cheche, anazikanda,
anatuokea dunia nzima, nasi tunaila ingali moto.

Basi nikafanya kazi kwa njia zilizobaki.
Nikaugeuza mkate, nikaubisha hodi kwa kifundo cha kidole:
ukiitika kwa sauti ya ngoma tupu, umeiva.
Nikasikiliza ganda likipasuka kwenye ubao, tik, tik,
likipoa.
Nikauliza viganja, unga umelowa kiasi gani?
Viganja vilijibu kwa uaminifu.
Lakini jino la pembe si dawa ya pengo.

"Rasmus, inanukaje leo?"
Kijana akainamia karai, akafikiri sana.
"Inanuka chachu."
Asante, Rasmus.

Wanasema kuona hupanga foleni mapokezi,
kusikia vivyo hivyo, na mguso na ladha,
mpaka mlinzi wa katikati ya ubongo awaruhusu.
Harufu peke yake huingia kwa mlango wa jikoni,
haipigi hodi, hata viatu haivui,
na kabla hujaipa jina imeshaketi pamoja na wafu wako.
Sasa naelewa nililia nini mwezi ule wa Machi.
Si mkate. Nilikuwa nimefiwa na mama mara ya pili.

Julai, kahawa ikanuka mpira unaoungua.
Nikapiga magoti jikoni kwa furaha.
Nyuzi mpya zilikuwa zinaota, zinapapasa gizani,
zinakosea vitundu,
na yule wa ndani, maskini, anasoma cheche kichwa chini miguu juu.
Wiki nzima nikanywa mpira, vikombe vinne kwa siku.

Jana, mvua ya Oktoba dirishani, nilifunua karai.
Kulikuwa na sabuni iliyoungua.
Chini ya sabuni, mbali, kama mtu anayeita ng'ambo ya ziwa,
kulikuwa na koti la sufu lililolowa,
koti la kijivu, la mama, likikauka karibu na jiko.

"Rasmus, inanukaje?"
"Chachu," alisema. "Kama kila siku."

Huenda ni kosa. Huenda uzi mmoja
umeingia tundu lisilo lake.
Nilisimama hapo kitambo,
kisha nikamwomba anipe chekeche.