Trei ya Chini

Urmas alipima ardhi miaka thelathini na minne,
akigawa misitu ya Tartu kwa kamba na darubini.
Sasa amestaafu, na amebakiwa na kiwanja kimoja tu cha kupima:
trei ya chini ya mashine ya kuoshea vyombo.

Sahani kubwa nyuma, ndogo mbele,
zote zimeelekeza nyuso katikati kama waumini kanisani.
Visu, makali chini. Uma, meno juu.
Bilauri zisigusane. Vijiko visilaliane,
maana vijiko vikikumbatiana, anasema, hakuna kinachotakata.
(Nikamwambia: kumbe ndiyo sababu kitanda chetu kina mablanketi mawili.
Hakucheka. Alikuwa anahesabu vikombe.)

Mimi natupia.
Nakiri. Mama yangu aliosha kwa beseni moja, maji ya kisima, kule Võru,
na hakuna aliyemuuliza kikombe kinatazama wapi.
Naweka sufuria juu ya sahani, kikaangio juu ya sufuria,
mwiko popote utakapoenea,
nausukuma mlango kwa goti, nabonyeza.
Vikitoka na ukoko wa uji wa shayiri, nakwangua kwa ukucha.
Dunia haijaisha.

Lakini yeye hungoja nilale.
Saa tano usiku, theluji imeziba dirisha,
nasikia mlango wa mashine ukifunguliwa kwa adabu ya mwizi,
halafu kle, kle, kle.
Mume wangu anaipanga upya siku yangu.

Miaka ya mwanzo nililia. Kweli.
Nilidhani kila bakuli analoligeuza ni neno:
hujui, hujui, hujui.
Naye, nilikuja kuambiwa na dada yake Helve,
alidhani kila sufuria ninayoitupia ni jibu:
sijali, sijali, sijali.
Watu wazima wawili, tunasemezana kwa vyombo vichafu.

Februari mashine ikagoma.
Akaja fundi, kijana mwembamba, Rasmus,
soksi imetoboka kwenye kidole gumba.
Tukamsimamia, kila mmoja upande wake,
kama wenye kesi mbele ya hakimu.
Urmas akamwonyesha kikaangio. Mimi nikamwonyesha Urmas.
Fundi akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa
lebo ya chupa ya jamu (hiyo yangu, sibandui lebo)
na kokwa saba za cheri
(hizo zake, hasuuzi sahani, ati mashine ina kazi gani).
Akazipanga juu ya gazeti, kimya.
"Kwako," Urmas akauliza, "nani hupanga vyombo?"
"Kwangu hakuna mashine."
Kinyozi hajinyoi, nikawaza.
Akafuta mkono. "Ilikuwepo. Alipohama aliichukua."

Kipuri kilichelewa siku tisa.
Tukasimama kwenye sinki bega kwa bega,
mimi naosha, yeye anakausha,
na siku ya pili tukagombana juu ya kitambaa.
Wahenga walisema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana;
hawakusema baada ya hapo vifanye nini.

Sasa inanguruma tena.
Nimejifunza kuelekeza visu chini. Visu tu, asije akazoea.
Yeye siku hizi hutupa kokwa kwenye ndoo. Sahani, bado hasuuzi.
Na kila usiku, kabla sijaenda kulala,
naacha bakuli moja la supu limelala chali
pembeni mwa trei ya chini,
pale litakapoonekana.

Najilaza upande wangu, blanketi langu, nasikiliza.
Mlango. Kimya kidogo.
Kle.
Anarudi na nyayo zake za baridi.
"Umelisahau tena lile bakuli," ananong'ona,
ana furaha kama mtu aliyeokota sarafu.