Ua

Mizinga mitatu aliniachia dada yangu Liucija,
ya mbao, samawati iliyobabuka,
na daftari la shule lenye doa la chai:
*Usivae sufu. Usinuke kitunguu. Usikurupuke.*
Basi. Mwandiko wa haraka,
wa mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Mimi ni fundi umeme. Nimezoea vitu
vinavyokutwanga mara moja vikakuachia.

Mwanzo wa Mei nikajitosa.
Moshi wangu ulizimika
kifuniko nikiwa nimeshakibandua.
Miiba minane niliihesabu. Wa tisa sikuuhesabu:
ulikuwa ndani ya soksi, na mimi nilikuwa mbioni
nikiwaita watakatifu, na wengine wasio watakatifu.

Jogilė wa posta, miaka kumi na tisa, mizinga kumi na minne,
alishuka kwenye baiskeli akacheka hadi akakaa chini.
Kisha akaukwangua mwiba kwa ukucha.
"Usiubane, Vygantas. Ukiubana unajidunga mwenyewe.
Na malkia usimtafute, utapofuka bure.
Tafuta mayai. Yai lililosimama wima ni la leo.
Likilala, lina siku tatu.
Malkia alikuwa hapa. Ni wewe tu umechelewa."

Nikavaa miwani ya kusomea, nikainua fremu juani.
Chini kabisa ya kijumba cha nta,
kipande cha uzi mweupe, kimesimama.
Nikageuza uso ili nipumue pembeni.

Akaniambia pia: waongezee chumba, wanabanana.
Nikasema, wiki ijayo.

Wiki ijayo ilifika bila mimi.
Adhuhuri mzinga wa katikati ulifurika,
anga juu ya viazi likawa linachemka,
na bumba zima, malkia na watu wake,
likavuka ua, likaning'inia
kwenye mtofaa wa Skirmantas.

Ua huo aliusogeza hatua mbili usiku mmoja.
Miaka kumi na moja hatusalimiani.
Nyuki wanalijua ua la mtofaa;
ua wa mbao hawaujui.

Alisimama na ndoo ya maji ya kuku.
"Wako?"
"Walikuwa."
Ndoo ikahama mkono.
Sote wawili tulilelewa na bibi zilezile,
sote tunajua wanavyosema huku kwetu:
nyuki wakihama kwako wakatua kwa mtu,
mmeshakuwa ndugu, mpende msipende.
Hata neno letu la rafiki lina nyuki ndani yake.
"Wanauma?"
"Wakihama huwa wameshiba," nikasema,
maana nilikuwa nimesoma hivyo usiku wa jana.
Akaumwa sikioni. Ngazi hakuiachia.

Mwezi wa saba, ambao kwetu una jina la mti,
mti wake ukachanua, tukakamua.
Nilimpelekea chupa. Alirudisha chupa
imejaa matango ya chumvi. Hatukuongea sana.

Februari, theluji ikiwa magotini,
nilibandika sikio kwenye mzinga wa kwanza: mngurumo.
Wa pili: mngurumo, mbali, kama friji ya jirani.
Wa tatu, mbao.

Mbwa hufa. Ng'ombe hufa. Kuku hufa.
Nyuki, katika lugha yetu, hufariki,
kwa kitenzi kilekile tulichomwekea Liucija
kwenye tangazo la gazeti.
Hili daftari halikuliandika. Alijua ningelijua.

Skirmantas alikuwa anapasua kuni.
"Wa mwisho kule wamefariki," nikamwambia.
Akavua kofia. Baridi ile, kichwa kitupu.
Kisha akauliza, akitazama shoka:
"Wangu je? Mimi sijui kusikiliza."

Nikatafuta pale mbao zilipolegea,
nikapenya kwa ubavu,
koti likakwama kwenye msumari,
likachanika.
"Nyamaza basi," nikasema. "Lete sikio. Lile zima."