Tone Halikusoma Mlinganyo Wangu

Saa tano usiku, Maseno. Stima imerudi.
Tone la maji yenye sabuni laning'inia kwenye ncha ya sindano
ndani ya glasi ya mafuta ya alizeti,
niliyoyanunua Luanda kwa mama Nekoye,
nusu lita, risiti hakuna.

Kompyuta imeshatabiri:
litarefuka, litafanya kiuno,
litakatika dakika ya arobaini.

Molekuli nimeziandikia sheria zote.
Kila moja ina kichwa kipendacho maji
na mkia uyakimbiao.
Nimeziacha zirandarande humo ndani
bila ramani, zikipigwa vikumbo huku na huku,
mpaka ile iliyobahatika iguse ukingo,
igeuke, kichwa majini, mkia mafutani,
ikae.
Zinazochelewa hukuta viti vimejaa, hurudi kilindini.
Na kila inayokaa
huulegeza mkazo wa mpaka kidogo.
Kidogo tu. Yahitajika maelfu ya maelfu.

Kukaa hivyo nakujua.
Mama wa Kombewa, baba wa Emuhaya,
na ng'ombe wa mjomba ameshiba mahindi ya ami.
Nilitumwa mimi, miaka tisa, miguu peku:
hapa naamkia *amosi*, pale *mulembe*,
ujumbe uleule nimeugeuza shingo njiani.
Hakuna aliyenishukuru.
Ng'ombe alifunguliwa, basi.

Dakika ya ishirini na nane
tone limekatika.
Limezama hadi chini ya glasi, kimya,
likatulia pale kama jicho la samaki.

Nakagua mstari kwa mstari.
Kasi ya msambao, sawa. Joto, nyuzi ishirini na tatu, sawa.
Nampigia Ogada, mtunza vyombo; anaitikia kwa sauti ya mto.
"Sindano uliiosha na nini?"
"Sabuni ya mche, daktari. Niliisugua mpaka ikang'aa."
"Ukaisuuza?"
Kimya. Mbwa wa jirani yake anabweka.
"Bomba lilikuwa limekauka."

Bado sijawa daktari; yeye ameshanitunuku.

Ningeifuta faili. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Lakini wageni wale, waliosalia ndani ya sindano,
walikwenda ukingoni kwa sheria zilezile nilizoandika,
wakakaa nilivyosema watakaa.
Ni mimi niliyewahesabu vibaya.

Naandika pembeni, kwa kalamu:
dakika kumi na mbili, Ogada, bomba.
Kwenye mlinganyo natafuta herufi
ya maji yaliyokatika.
Alfa imeshatumika. Beta pia.