Elfu Ishirini na Moja

Simu hufa upesi Ulaanbaatar mwezi wa Januari.
Nomindari ameificha yake kwapani, chini ya makoti mawili,
kama kuku aliyeatamia yai moja tu,
akiitoa mara mojamoja kuhesabu:
elfu ishirini na moja wameipenda video yake,
ile ya bomba la joto lililopasuka bwenini,
naye amesimama mbele yake, kope zimeganda,
akiuliza ada ya ukarabati ilikwenda wapi.

Elfu ishirini na moja.
Hapa uwanjani tuko kumi na wanne,
nikimtia na mama muuza sambusa za kondoo
asiyetaka kwetu lolote
ila tununue kabla hazijapoa.

Nisiseme uongo, mimi nami nililetwa na video.
Miaka mitatu chuoni sikujua jina la diwani.
Siasa ilikuwa ya runinga, ya wanaume wenye tai
wanaogawa unga wiki ya mwisho.
Kisha usiku mmoja kitandani, kidole kikiteleza tu,
nikakutana na bomba letu. Letu lenyewe. Kutu yake naijua.
Nikaketi.

Wapo waliotuma mioyo, ngumi, ndimi za moto.
Yupo aliyeandika tusi lilelile mara sita, akaunti haina sura.
Na Temuulen wa uhandisi, kwa herufi kubwa:
HATURUDI NYUMA.
Chumba chake kiko juu ya changu. Namsikia akikoroma.

Februari, uchaguzi mdogo, foleni katika shule ya chekechea:
viti vya kimo cha goti, ngamia wa rangi ukutani.
Nomindari alifika wa kwanza.
Karani akapitisha kidole orodhani, akashuka, akapanda, akashuka tena.
"Wewe bado ni mtu wa Zavkhan, binti.
Uhamisho ulifungwa mwezi jana."

Tarehe ile alitukumbusha yeye,
mara mbili, kwa mshale mwekundu.
Mimi nilikumbuka.
Yeye alikuwa akihariri mshale.

Nikamuuliza, ungempa nani?
Akataja jina. Sikulipenda, nilikuwa na langu,
tukabishana hadi karani akagonga meza.

Nimeingia, nimetia alama, nimetoka.
Ya nani, sijamwambia hadi leo.
Huniuliza kwa ujumbe kila usiku,
nami namtumia picha ya ngamia.