Nilishuka Punda

Shekuwe ameandika: "Nilishuka punda."
Nikapiga mstari mwekundu.
Mtu hushuka kutoka kwenye punda, si hivyo?
Akaniangalia, kucha zake zimejaa chokaa.
"Mwalimu, sisi Langoni twashuka tu."

Nikaanza kumfunza, nikanogewa.
Bei hushuka. Aya hushuka.
Shuka la kitanda halishuki: hulala.
Mgeni humshukia mwenyeji; mama yangu
akikushukia, utatamani ungalizaliwa Faza.
Mzigo hauna miguu, hushushwa.

"Na punda akikubwaga?"
Hapo hukushuka. Kushuka ni hiari.

Akafikiri, kalamu mdomoni.
"Basi jana sijui nilifanyaje.
Aligoma kichochoroni,
mifuko miwili ya saruji mgongoni
na mimi mzigo wa tatu.
Hakupiga teke. Aligeuza jicho tu, akanitazama.
Nikaona haya.
Miguu yangu ikagusa chini
kabla sijakata shauri.
Hiyo yaitwaje?"

Nilitafuta kitenzi mpaka kengele ikalia.
Kisha nikaufuta ule mstari,
kadiri wino ulivyokubali.
Ukabaki mwekundu hafifu,
kama alama ya kamba
pale shogi linapovuliwa.