Kabati la Rais

Agosti, wiki ya mwisho kabla watoto hawajarudi,
walimu kumi na wanne tuliketi maktabani
kwenye viti vya darasa la tatu, magoti yakikaribia videvu.
Nje, mahindi ya kusini mwa Minnesota yalisimama kimya,
na upepo ukigeuka ulileta harufu ya kiwanda cha nguruwe
ambayo sisi wenyeji hujifanya hatuisikii.

Mkufunzi aliitwa Naw Mu Yeh.
Mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi.
Hakutusalimu. Aligeukia ubao
akaanza kufundisha kwa Kikareni.

Dakika ya kwanza tulitabasamu.
Ya tatu tukatazamana.
Ya saba, Bi Halvorsen wa jiografia akawa anachora maua ukingoni mwa daftari,
na kocha Brandt akaomba ruhusa ya kwenda msalani.
Mimi, miaka ishirini na saba nikifundisha katiba,
niliitikia kwa kichwa kila aliponitazama,
ndiyo, ndiyo, naelewa,
mpaka akaninyooshea chaki, akangoja.
Nilisimama. Nikakaa.
Shingo iliniwaka kama ya mtoto aliyejikojolea.

"Lilikuwa somo la mto," alisema baadaye, kwa lugha yetu,
"mto na mpaka, na nani anaruhusiwa kuuvuka.
Bwana Stensrud, umeitikia mara kumi na moja.
Hiyo ndiyo mnayoiandika kwenye ripoti:
mtulivu, msikivu, hana tatizo."

Akatugawia sura ya nne ya kitabu changu mwenyewe
na kalamu nyekundu.
"Pigieni mstari kila neno linalolala nyumba mbili."
Nilianza kwa dharau, nikaishia kwa jasho.
Chama, ambacho kwetu pia ni karamu yenye keki na maputo.
Mswada, ambao pia ni ankara ya umeme iliyobandikwa jokofuni.
Mhimili wa dola, ambao sisi twauita tawi,
tawi lilelile la kukatwa kwa msumeno.
Bunge twaliita nyumba, na hakuna anayelala humo,
au tuseme hawakusudii.
Na baraza la mawaziri, Mungu wangu,
baraza la mawaziri kwetu ni kabati.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Wilmer Tzoc.

Februari, swali la sita: Eleza kazi ya baraza la Rais.
Alichora kabati. Milango miwili, bawaba, hata tundu la ufunguo,
na ndani watu kumi na watano, rafu kwa rafu, kama vikombe,
wa ulinzi juu kabisa, wa kilimo chini karibu na viazi.
Kando akaandika: Rais hufungua anapotaka shauri.
Nilimpa sifuri.
Nikaipeleka chumba cha walimu, tukacheka hadi machozi,
nikaibandika juu ya mashine ya kahawa.

Lakini soma tena. Anapotaka shauri.
Mtoto alikuwa amejibu swali.

Hakurudi baada ya Pasaka. Wanasema anaosha misumeno, zamu ya usiku,
kwa karatasi zinazodai ana miaka ishirini.

Mchana kila mmoja alifundisha kidogo mbele ya wenzake.
Nilianza: "Kama mjuavyo..."
Naw Mu Yeh akainua mkono. "Nani ajuaye?"
Nikaanza upya. "Kama mjuavyo..."
Mkono.
Mara ya tatu sikuwa na sentensi hata moja.
Nikachora kabati ubaoni, vibaya, mlango mmoja umepinda,
nikauliza kuna nini ndani.
"Viazi," akasema kocha Brandt.
Wakacheka wote. Yeye hakucheka.
"Endelea," alisema.

Jioni nilipanda kiti nikaibandua ile karatasi.
Mvuke ulikuwa umeikunja; gundi ilibaki na mguu wa waziri wa kilimo.
Kalamu nyekundu ilikuwa bado mfukoni.
Sifuri ni namba rahisi kuigeuza, huhitaji hata kuifuta:
niliweka moja mbele yake.

Sasa sijui pa kuipeleka.
Zamu ya usiku huanza saa tano.
Kiwanda kina malango manne.