Fomu ya Mistari Mitatu

Mwandawiro wa idara ya ununuzi ametuletea fomu:
*Taja sifa unazotaka katika kompyuta yako ijayo.*
Mistari mitatu, yenye vinukta.
Mwandawiro, miaka sita nimeishi na hii.
Mistari mitatu haitoshi hata kuamkiana.

Nianze na betri.
Jumanne nilikuwa Eneo la Viwanda, bohari la mabati,
nimeshafika kwenye madeni sugu, stima ikapotea.
Mwenye bohari akawasha jenereta
ya mashine zake, si yangu.
Pembeni mwa kioo: asilimia tisa. Nne.
Kisha uso wangu mwenyewe, mweusi, mdomo wazi.
Nataka betri inayofunga kwa nia,
alfajiri hadi magharibi,
bila kuchungulia saa.

Nataka bawaba. Ya kushoto imekatika;
Kasyoki wa Luthuli kaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli,
akanitoza mia tatu, akaniasa:
"Ifungue kama mlango wa chumba cha mgonjwa."
Ndivyo ninavyoifungua mbele ya wateja,
polepole, nikikohoa kidogo.

Nataka feni inyamaze.
Kwenye mkutano wa mtandaoni mkurugenzi aliuliza
nani anasaga mahindi.
Na kamera ikae juu, jamani!
Kuna watu Kisumu na Mombasa
wanaonijua kwa matundu ya pua tu.

Nataka wepesi. Mwezi jana
fundi Akoth alinipima mabega mara mbili,
akakagua utepe wake, akanipima tena.
Sikumweleza.

Isimeremete. Watengenezaji hawajawahi kupita River Road
saa moja usiku na mshahara wa miezi minne kwapani.
Mimi huibeba katika begi la nepi,
nepi moja ikichungulia zipuni,
na mwanangu sasa yuko darasa la nne.

Wanisamehe ule ufunguo wa alama za vidole.
Risiti zimekula alama zangu.
Nikiuweka kidole, mashine hunitazama
kama bawabu mgeni.

Lakini yaache matundu ya zamani, mapana yale.
Gichuhi wa mbao bado huniletea hesabu za mwaka mzima
kwenye flashi aliyoifunga uzi shingoni,
na mimi siwezi kumwambia mtu wa umri ule
kwamba dunia imebadilisha umbo la tundu.

Halafu jina langu.
Kwamboka: kwetu ni jina la kuvuka mto.
Miaka sita mashine inalipigia mstari mwekundu,
kama mwalimu aliyekataa kustaafu.
Nimevuka mito yote, huo bado.

Na herufi A.
Hili naliomba kwa dhati, hata yale mengine yakikosekana.
Walioiunda hawakujua sisi tunaitumiaje:
kazi, hasara, mshahara, samahani, asante.
Lugha nzima imeuegemea mguu huo.
Yangu ilianza kwa kufutika rangi,
ikalegea, Ijumaa ikang'oka kama jino la utoto.
Nimeihifadhi kwenye kisahani cha pini.
Pale ilipokuwa pamebaki kichuchu cha mpira;
nikikidonoa kwa kifuniko cha kalamu
siku nyingine huitika.

Leo hakiitiki.
Na Mwandawiro anasema fomu zijazwe kwa kompyuta,
kalamu haipokelewi, mwisho saa kumi na moja.
Imebaki dakika sita, na betri vivyo hivyo.
Haya. Mistari mitatu:

*Nomb betri y kutw.*
*Bwb isiyo n mpir.*
*N ile herufi.*

Chini yake nikaweka jina: *Kwmbok*.
Mstari mwekundu ukaja mbio, kama kawaida yake,
na kwa mara ya kwanza tangu tujuane
sikuwa na la kuujibu.